Lokanta za mchana za Istanbul: wapi pa kukaa, wapi pa kupita

Mtu akifika Istanbul kufuata mzigo wa nguo Laleli au Merter, au akilala usiku mmoja akisubiri ndege ya kuunganisha, mara nyingi hula vibaya na kulipa sana, katika mji ambao chakula kizuri kipo karibu kila mtaa. Sababu ni moja: hukaa kwenye mgahawa ambao hautegemei kumwona tena. Barabara ya Divanyolu kule Sultanahmet, mtaa wa samaki wa Kumkapı, vichochoro vya hoteli za watalii: hapo mteja wa leo ni wa leo tu, kesho ndege italeta mwingine. Mgahawa unaolisha wenye maduka, mafundi, wapagazi na makarani wa mtaa huohuo hauna uhuru huo. Ukipandisha bei bila sababu au ukipasha kiporo, kesho meza ziko tupu.

Mgahawa wa aina hiyo huitwa esnaf lokantası, kwa kifupi lokanta, na ndio ninaoupendekeza kwa mlo mkuu wa siku. Aliyezoea mama ntilie ataujua mpangilio wake mara moja: chakula kimepikwa asubuhi, kimepangwa kwenye masinia ya chuma juu ya maji ya moto nyuma ya kioo, na mteja ananyoosha kidole. Huhitaji kujua Kituruki wala kubahatisha menyu, kwa kuwa unakiona unachokula kabla hakijaingia kwenye sahani.

Jambo linalowaangusha wageni wengi ni saa. Masinia hutoka jikoni kati ya saa 5 na saa 6 mchana. Kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 hapo pamejaa, na kufika saa 9 alasiri vyakula vizuri vimekwisha. Lokanta nyingi za namna hii hufunga kabla ya magharibi, na zile zilizo ndani ya majengo ya biashara hazifunguliwi kabisa Jumapili, siku ambayo maduka ya Laleli na Soko Kuu la Kapalıçarşı nayo hufungwa. Mfanyabiashara anayezunguka madukani tangu asubuhi na kukumbuka chakula saa 11 jioni hukuta mchuzi wa mwisho umeganda kwenye kona ya sinia, kisha analaumu lokanta. Panga ratiba yako kinyume: simamisha ununuzi saa 6 kamili, kula kabla ya msongamano, halafu urudi madukani.

Ukisimama mbele ya kioo, usikimbilie kuagiza. Tazama kingo za masinia. Sinia lenye ukanda wa kahawia uliokauka juu ya mchuzi limekaa muda mrefu bila kuguswa. Masinia madogo yanayobadilishwa kila baada ya muda ni dalili njema kuliko sinia moja kubwa lenye kina linalotakiwa kudumu siku nzima. Wali unapaswa kuachana punje kwa punje na kung'aa kwa siagi. Ukiwa umeshikana na kufifia, umepashwa. Hesabu pia aina za vyakula. Jiko la watu watatu au wanne linaweza kupika vizuri aina kumi hadi kumi na tano. Ukiona jiko dogo linatangaza pia piza, tambi za Kiitaliano, baga na samaki, jua sehemu kubwa ya hivyo inatoka kwenye friza.

Anza na supu. Mercimek çorbası ni ya adesi nyekundu zilizosagwa, huja na kipande cha limau na pilipili ya kusagwa pembeni. Hiyo ndiyo kipimo changu cha bei na cha jiko. Kwa sababu kila lokanta inayo, bei yake ni rahisi kulinganisha kutoka mlango hadi mlango: ukikuta mtaa mmoja unaiuza mara mbili ya bei ya mtaa wa nyuma, na vyakula vingine vitakuwa hivyohivyo. Sitaji bei kwa lira hapa maana mfumuko wa bei Uturuki umekuwa mkubwa kiasi kwamba tarakimu yoyote hupitwa haraka. Kwa ladha, supu nzuri ina uzito wa adesi zenyewe; ukiona maji yamejitenga juu na unga umetuama chini, imerefushwa.

Baada ya supu, chagua kimoja cha mchuzi na kimoja cha mboga. Kuzu haşlama ni mwanakondoo aliyechemshwa na viazi na karoti, na ndiyo salama zaidi kwa tumbo lililotoka safarini. Tas kebabı ni vipande vya nyama kwenye mchuzi wa nyanya. Karnıyarık ni bilinganya lililopasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga. Mwambie mhudumu "yarım", yaani nusu sahani, kwa kila kimoja. Lokanta nyingi hukubali, na utaonja vitu vitatu kwa bei ya karibu sahani moja na nusu. Ukiwa na njaa ya kweli, neno ni "bir buçuk", sahani moja na nusu. Wali huhesabiwa peke yake, na kipimo chake ni kidogo kwa mtu wa kwetu, kwa hiyo agiza kamili.

Hapa pana kosa linalojirudia sana. Maharage mabichi, bamia, maboga na bilinganya zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, kundi linaloitwa zeytinyağlı, huliwa yakiwa yamepoa. Ndivyo yanavyotakiwa. Mgeni huletewa sahani ya baridi, akadhani amepewa kiporo, akaomba ipashwe moto, na mafuta yanapopata joto mboga hulainika na ladha inaharibika. Kama hupendi chakula baridi, chagua masinia yaliyo juu ya maji ya moto, uache yale ya upande wa friji.

Mkate kwa kawaida hauna bei na utaongezewa bila kuomba. Maji ya chupa hulipiwa. Glasi ya chai baada ya chakula mara nyingi ni zawadi ya nyumba, ila ukiagiza ya pili inaweza kuandikwa. Soma sehemu ya chini ya menyu uone kama kuna maneno "kuver" au "servis ücreti": hayo ni malipo ya kukaa mezani na ya huduma. Lokanta ya wafanyakazi haina sababu ya kuwa nayo, na nikiyakuta hapo huwa naondoka.

Sasa maeneo, nikianza na lililo karibu zaidi na Laleli. Panda kwa miguu kupita upande wa Chuo Kikuu cha Istanbul hadi msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Mimar Sinan kati ya 1550 na 1557. Mbele yake pana safu ya majengo ya zamani ya msikiti ambayo leo ni mikahawa ya kuru fasulye, maharage meupe yaliyopikwa polepole na nyanya na siagi. Unaojulikana zaidi ni Erzincanlı Ali Baba, uliopo tangu 1924. Agiza maharage, wali na sahani ya achari, turşu, basi. Mengine yote hapo ni nyongeza. Kwa mtu aliyelelewa na wali maharage hiki ndicho chakula cha mji huu kisichohitaji kuzoewa. Kinachotofautisha sufuria nzuri na mbaya ni ngozi ya harage: liwe zima mpaka linapofika mdomoni, lakini likiguswa na ulimi liyeyuke. Yakifika yamepasukapasuka, yamechemshwa kwa haraka. Asiyekula nyama aulize kabla, kwa kuwa sufuria nyingi huwa na vipande vya nyama au pastırma (nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa viungo), na hata yale yasiyo na vipande yanaweza kuwa na mchuzi wa mifupa.

Eneo la pili ni Kadınlar Pazarı, upande wa Fatih, chini ya mfereji wa maji wa Kirumi unaoitwa Bozdoğan Kemeri. Ni uwanja wa watu wa Siirt, mji wa kusini mashariki, na ndipo ningempeleka mtu mwenye mlo mmoja tu Istanbul. Chakula chake ni büryan: mwanakondoo mzima huning'inizwa ndani ya tanuri la shimo, akaiva taratibu kwa moto wa makaa ya chini na mafuta yake mwenyewe. Mchinjaji humkata kwa panga mbele yako na kumweka juu ya mkate bapa. Nenda kabla ya saa 7 mchana. Mnyama aliyetoka shimoni asubuhi anakuwa na ngozi inayovunjika na nyama yenye unyevu. Alasiri kilichobaki ni vipande vilivyokauka. Mwambie aliyeshika panga kama unataka yenye mafuta, "yağlı", au isiyo na mafuta, "yağsız", maana usiposema atakuchanganyia, na mafuta ya kondoo yakipoa kwenye sahani huganda na kushika kinywa. Ushauri wangu: yenye mafuta kidogo, na uile moto.

Uwanja huohuo una perde pilavı, pilau ya kuku, lozi na zabibu kavu iliyofunikwa kwa chapati nyembamba ya unga na kuokwa kwenye kikombe cha chuma, kisha ikapinduliwa. Mpenzi wa pilau ya pwani asitarajie bizari nyembamba na karafuu za nyumbani. Viungo hapa ni vya chini sana, utamu uko kwenye siagi na pilipili manga. Ikifika ikiwa na ganda laini lililolowa, ilipikwa mapema na kupashwa kwenye mashine. Ganda linatakiwa kukatika kwa kisu likitoa sauti.

Sirkeci, kituo kimoja cha tramu ya T1 baada ya Gülhane, ina mtaa mdogo wa Hocapaşa ambao tangu zamani unalisha wafanyakazi wa kituo cha reli na ofisi za karibu. Hapo Şehzade inauza cağ kebabı ya Erzurum: nyama ya kondoo iliyopangwa kwenye chuma kilicholala badala ya kusimama, mbele ya moto wa kuni, ikakatwa na kutungwa kwenye kijiti chembamba. Bei ni kwa kijiti. Sema mwanzoni unataka viwili, halafu uongeze ukitaka. Saladi, pilipili ya kusagwa na mtindi vinavyoletwa pembeni vinaweza kuwa na bei yake, kwa hiyo uliza "ücretli mi?", yaani inalipiwa?, kabla hujagusa.

Je, Sultanahmet pasiliwe kabisa? Pana mlango mmoja ninaoutetea: Tarihi Sultanahmet Köftecisi Selim Usta, pale Divanyolu, tangu 1920. Menyu yake ni fupi mno: vidonge vya nyama vya kuchoma, saladi ya maharage meupe iitwayo piyaz, supu, na halua ya semolina. Ufupi huo ndio unaoulinda. Tatizo ni majirani wenye majina yanayofanana nao na vibao vya rangi zilezile, kwa hiyo soma jina lote mpaka "Selim Usta" kabla ya kuingia. Nyama hiyo huwa na ugumu kidogo wa kutafuna. Si kasoro, ndiyo aina yake.

Ukiwa na jioni huru, vuka bahari. Treni ya Marmaray kutoka Sirkeci hadi Üsküdar ni kituo kimoja tu chini ya maji, nayo feri ya Eminönü ina mandhari nzuri zaidi. Kanaat Lokantası ipo Üsküdar tangu 1933, haiuzi pombe, na tofauti na lokanta nyingi inahudumia pia chakula cha jioni. Tembea kwanza mbele ya kioo chote, ni kirefu, kisha uketi. Elbasan tava, nyama iliyofunikwa kwa mchuzi mzito wa mtindi na kuokwa, ndiyo ningeanza nayo. Acha nafasi kwa tunda la ayva lililopikwa kwa sukari.

Döner inahitaji maneno yake, maana ndiyo inayoliwa sana na kuchaguliwa vibaya zaidi. Tazama mnara wa nyama kabla ya kuangalia bei. Ule wa vipande halisi, yaprak, unaonyesha matabaka yasiyolingana, mengine yamejitokeza, mengine yana mstari wa mafuta. Ule laini kama nguzo iliyopakwa plasta ni wa nyama ya kusaga. Et döner ni ya ng'ombe au kondoo, tavuk döner ni ya kuku, na bei ya chini sana kwenye kibao karibu kila mara ni ya kuku. Menyu nyingi huandika gramu: sahani ya kawaida ni karibu gramu 100, moja na nusu ni 150. Duka zuri huanza na mnara mnene asubuhi na kuumaliza siku hiyohiyo. Mnara mnene saa 4 usiku, moto umezimwa na kuwashwa kila mteja akija, ndio unaoumiza matumbo, hasa ukiwa wa kuku, kwa kuwa sehemu ya ndani hukaa vuguvugu kwa saa nyingi bila kuiva.

Usiku wa manane, lokanta zote zikiwa zimefungwa, tafuta işkembeci. Ni maduka ya supu yanayokesha, na işkembe ni supu ya utumbo. Huletwa nyeupe bila ladha kali, na mezani pana kitunguu saumu kwenye siki: ongeza kijiko kimoja kwanza, uonje, kisha uendelee. Usiingize vijiko vitatu kwa mpigo.

Samaki ndipo pesa nyingi hupotea. Kumkapı iko hatua chache chini ya Laleli, na wapiga debe wake hukufuata hadi katikati ya barabara. Kanuni ni rahisi: mgahawa unaoajiri mtu wa kukuvuta mkono umeshaweka mshahara wake kwenye bili yako. Samaki huuzwa kwa kilo, na menyu mara nyingi haina bei mbele ya jina lake. Chagua samaki kwenye barafu, uliza "kilosu ne kadar?", yaani kilo ni bei gani, apimwe ukiona, uambiwe jumla, ndipo aende jikoni. Levrek au çipura wa gramu 400 hadi 500 anatosha mtu mmoja. Hao wawili hufugwa na hupatikana mwaka mzima, kwa hiyo hawana sababu ya kuwa na bei ya kushangaza. Wa msimu ni hamsi, dagaa wa Bahari Nyeusi, anayefaa miezi ya baridi, na palamut wa jamii ya jodari, mzuri kuanzia Septemba. Uvuvi wa meli kubwa husimamishwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti, na anayekuuzia "hamsi wa leo" mwezi Julai anakuuzia wa kugandishwa. Vilevile, sinia la vitafunio linalopitishwa mezani si zawadi: kila kisahani unachokubali kina bei. Mkate wa samaki wa Eminönü unashibisha, lakini samaki wake mara nyingi ni kibua wa kugandishwa kutoka Norway. Mla vibua wa Forodhani hatapata jipya.

Jumapili, lokanta za majengo ya biashara zikiwa zimefungwa, kula kifungua kinywa kizito. Ukiagiza serpme kahvaltı utajaziwa meza visahani zaidi ya kumi, lakini bei ni kwa kila mtu na maduka mengi hayaiuzi kwa mtu mmoja. Anayesafiri peke yake aagize kahvaltı tabağı, sahani moja yenye kidogo cha kila kitu, na menemen, mayai ya nyanya na pilipili hoho.

Kuhusu nyota za kwenye ramani ya simu: maeneo ya watalii yamejaa alama tano zilizoombwa na mhudumu mezani. Panga maoni kuanzia mapya, kisha tafuta ndani yake neno "kazık", ambalo Waturuki huliandika wakilalamikia bei ya kupigwa, na "bayat", chakula kilicholala. Picha za bili ambazo wateja wamezipandisha ni ushahidi mzuri kuliko picha za sahani. Maoni yakiwa karibu yote ya lugha za kigeni, unajua wenyeji wanakula kwingine.

Kuanzia Januari 2024 kanuni za Uturuki zinautaka mgahawa uweke orodha ya bei mlangoni na mezani. Ukiambiwa menyu haipo, au ukipewa yenye bei za yuro, toka. Bili ikija, linganisha mstari kwa mstari na ulichokula. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza lira au sarafu ya nchini kwako, chagua lira, kwa sababu kiwango cha kubadilisha cha mashine huwa kibaya kuliko cha benki yako. Bakshishi kwenye lokanta ni chenji inayobaki. Kwenye mgahawa wa kukaa jioni, asilimia tano hadi kumi inatosha.

Kwa Mwislamu, nguruwe ni nadra na huandikwa "domuz". Pombe ndiyo ya kuulizia, na neno "meyhane" mlangoni linamaanisha ipo. Mwezi wa Ramadhani, lokanta nyingi za Fatih hazipiki mchana, na jioni huuza futari ya bei moja kwa kila mtu. Pita mchana ukaandikishe jina, kwa sababu dakika ishirini kabla ya adhana viti vyote vina wenyewe.